Chumvi Sebuleni

Nianjema, Bagamoyo
19 Januari 2025

Mke wangu Vicky,

Tumsifu Yesu Kristo. Jibu hukohuko Mgeta, nitasikia. Mimi mzima, ukiacha goti la kushoto ambalo siku hizi linatangaza mvua kabla ya redio. Jirani yetu Mwinyijuma mzima, anakusalimu, na anauliza kama huko utawani mnaruhusiwa kucheka au mnacheka kwa zamu. Baba yako alikuja Jumapili kutoka Mapinga. Alikaa dakika kumi. Akatazama dari, akatazama waya wa umeme, akanitazama mimi kama mtu aliyeletewa mbuzi mgonjwa mnadani.

Kabla sijaendelea: kwako Sista Eufrazia, mlezi wa wanovisi, ambaye najua unaisoma barua hii kabla ya mjukuu wangu, shikamoo. Umri wangu ni mkubwa kuliko wako, lakini mtu aliyeshika barua yangu mkononi namwamkia tu, kwa usalama.

Haya, mke wangu, umeniacha. Tangu uzaliwe nakuita mke wangu, leo umekwenda kuolewa na Yesu, hata barua ya posa sikuletewa. Sina ugomvi naye, ni mtu mkubwa. Ila angechukua na tangi lako.

Maana hili tangi ni kesi. Lita themanini za bahari sebuleni, juu ya meza ya marehemu bibi yako! Nilipokubali nilidhani nimeachiwa samaki. Samaki ningemtupia mkate, na siku akikataa mkate ningemkaanga. Kumbe samaki ni mmoja tu, yule wa rangi ya chungwa anayefungua na kufunga mdomo kutwa bila kusema jambo jipya (nimembatiza Katekista), na mali yenyewe ni vile vipande vyako vitano vya matumbawe mlivyopewa na watu wa mradi wa bahari. Havili mkate, havitembei, havilii, na vinaweza kufa bila kumwambia mtu. Bibi yako alipokasirika angalau alipiga masufuria.

Na baba yako amerudia yale maneno. Nakunukulia kama alivyonena, na kidole chake juu: “Baba, ni Vicky mwenyewe aliyesema, mtu anayeweza kutunza kitu kile anaweza kuishi peke yake. Basi mwisho wa Mei nakuja. Nikikuta matumbawe hai, sitakutajia tena habari ya kuhama. Nikikuta yamekufa, unakuja Mapinga.” Nikamwambia aje na sanda kabisa, asirudie nauli. Hakucheka. Tangu anunue kile kiwanja cha Mapinga amesahau kucheka.

Huko Mapinga nikafanye nini? Ukuta, geti, mbwa. Nitaomba ruhusa hata ya kutema mate. Hapa Nianjema kila tofali nimelifyatua mimi, na nikigongana na ukuta usiku tunajuana kwa majina.

Kwa hiyo niandikie polepole, kama unamfundisha mtu wa darasa la nne, maana ndiye. Ile karatasi ya maelekezo uliyobandika ukutani ipo, imekaa vizuri sana, naiheshimu. Ila napenda kusikia kutoka kwako.

Mumeo wa kwanza,
Babu Gaspari


Nyumba ya Malezi, Mgeta
9 Februari 2025

Babu yangu,

Milele amina, na shikamoo. Hapa ni baridi mpaka mafuta ya kupaka yanaganda. Nimepangiwa bustani ya kabichi. Nina kikohozi kidogo, si cha kukutia wasiwasi. Wenzangu ni wanane na mmoja anakoroma kama Mwinyijuma. Sista Eufrazia hasomi barua zetu, Babu. Nilimsomea mwenyewe kipande chake, akacheka, akasema marahaba.

Sasa sikiliza. Taa iwake kwa muda wa saa nane kwa siku, isizidi. Pampu isizimwe hata kwa dakika kumi, maana ndiyo inayoyapa maji hewa. Kila Jumamosi ya pili unatoa ndoo moja ya maji ya zamani, unaweka ndoo moja mpya ya bahari. Issa wa bodaboda nilishamwelekeza: ateke Kaole, maji yakiwa yamejaa, siyo hapo ufukweni mjini, na asiteke kabisa mvua ikishanyesha, kwa sababu mto Ruvu unaleta matope. Katikati ya wiki maji hupungua yenyewe kidogo kwa joto. Ongezea mpaka kwenye alama nyekundu, kama nilivyoandika ukutani.

Na kila asubuhi pima chumvi kwa kile kidude cha kuchungulia. Tone moja juu ya kioo chake, unaelekea dirishani, unaona mstari wa buluu. Usimame kwenye ishirini na tano. Ukipanda au ukishuka, niandikie. Niandikie namba zote, Babu, hata usipopenda.

Ile siku mezani, Baba alipokuwa amekwisha kuagiza na kitanda chako, ni mimi niliyesema maneno yale. Nilitafuta kitu cha kumnyamazisha, nikakishika cha karibu. Sikufikiri kwamba nimechagua kitu dhaifu kuliko vyote ndani ya nyumba. Nikiwa kanisani wenzangu wanasali, mimi nasikiliza pampu.

Mjukuu wako,
Vicky


Nianjema
23 Februari 2025

Mke wangu mwenye kabichi,

Salamu nyingi kutoka kwa wote waliobaki duniani. Mwinyijuma amefiwa na jogoo wake, tumemzika kwenye wali. Kanisani kwaya imepata kinanda kipya, sasa wanakosea kwa sauti kubwa. Kikohozi chako kinywee tangawizi, na mwambie huyo anayekoroma alale kwa ubavu.

Barua yako Mwinyijuma ndiye aliyenisomea. Miwani yangu niliikalia. Alisoma kwa sauti ya taarifa ya habari mpaka Katekista akajificha nyuma ya jiwe.

Namba zako hizi hapa. Jumatatu ishirini na tano. Jumanne ishirini na tano. Jumatano, Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi ishirini na tano. Jumapili niliiacha ipumzike, lakini nina hakika ilikuwa ishirini na tano.

Tangi lina afya. Lile tumbawe linalofanana na koliflawa limepauka kidogo, nadhani ni uzee, hata mimi nimepauka. Maji yanapungua kweli, vikombe viwili kila siku, ila usihofu, Issa ananiletea dumu la ziada la Kaole na mimi naongezea bahari kwenye bahari, mpaka kwenye alama yako.

Na Mungu akubariki kwa yale madumu manane ya maji masafi uliyoniachia chini ya meza. Hukusema, lakini nilielewa. Chai yake haina ile harufu ya bomba. Mimi na Mwinyijuma tumebakiza mawili.

Baba yako alipita. Aliuliza, “Yanaendeleaje?” Nikasema, “Yanakusalimu.” Akachungulia, akaondoka. Hajui anachotazama, na hilo ndilo linaloniweka mjini.

Gaspari


Mgeta
2 Machi 2025

Babu yangu,

Shikamoo. Sijapata jibu lako, labda liko njiani. Jumatano Kwaresima inaanza, na hapa wanovisi hatuandiki wala hatupokei barua mpaka Pasaka. Zikija zinawekwa kabatini kwa Sista Eufrazia. Si adhabu, ndivyo nyumba ilivyo. Lakini ni siku arobaini, Babu, na ndizo siku masika inaanza.

Kabichi zimeota. Kikohozi kimepungua. Nimekuota umekaa mbele ya tangi, maji ni maziwa.

Naomba sana: usiipitishe siku bila kupima. Na madumu yamebaki mangapi? Yakibaki mawili mwambie Issa anunue mengine.

Niandikie hata kama sitasoma. Nitajua zipo.

Vicky


Nianjema
16 Machi 2025

Mke wangu uliyefungwa mdomo,

Najua hii utaisoma Pasaka, kwa hiyo kama kuna habari mbaya itakuwa imeshazeeka. Sista, kabati lako lisiwe na mende.

Kwanza salamu. Sote wazima. Mvua ya kwanza imekuja na kuingia kwa mlango wa nyuma. Baba yako amesema Mapinga hakuvuji. Nikamwambia hata kaburi la saruji halivuji.

Umeuliza madumu yamebaki mangapi. Swali la ajabu kwa mtawa. Yapo.

Sasa lile lililonifanya niandike. Koliflawa imekuwa nyeupe. Mwinyijuma amesema, “Gaspari, hii imekuwa kama jino.” Nikamwambia ni hatua ya kukua. Lile lenye vidole limerudisha vidole ndani, halivitoi hata kwa taa. Katekista anapumua haraka haraka. Namba ni ishirini na tano.

Sikufanya jambo lolote tofauti, Vicky. Nawasha, nazima, naongeza, nabadilisha. Jumamosi nimeosha mikono mpaka kwenye viwiko kama daktari. Nimemkataza Mwinyijuma asivute sigara humu. Nimehamisha hata picha ya bibi yako, nikidhani labda anayatisha.

Nakaa mbele yake asubuhi mpaka chai inapoa. Ningekuwa na mtu wa kumwuliza ningemwuliza, lakini nikiuliza mjini, baba yako atasikia kabla sijafika nyumbani.

Babu


Nianjema
6 Aprili 2025

Vicky,

Leo sikuanza na utani, utaona kwa nini.

Koliflawa imekufa. Nimeitoa. Nilitaka kuitupa nikashindwa, ipo dirishani.

Jana nilikuwa nafuta kioo kwa juu, pale maji yanapogusa ukingo. Kidole kikakwaruza. Kuna ukoko, mkavu, unakatika kama ganda. Nikautia mdomoni. Mke wangu, chumvi tupu.

Miaka thelathini na moja nimefanya kazi kwenye mashamba ya chumvi. Unaingiza maji ya bahari kwenye jaruba, unaliachia jua. Jua linachukua maji, chumvi haichukui, chumvi inabaki. Unaingiza bahari nyingine juu yake. Jua linachukua tena. Unaingiza tena. Hiyo ndiyo kazi yote, hakuna siri nyingine, ndiyo iliyomsomesha baba yako na kujenga nyumba hii. Na mimi, Gaspari, niliyewafundisha vijana wawili mpaka wakawa wasimamizi, nimefungua jaruba sebuleni kwangu na kulijaza bahari vikombe viwili kwa siku tangu uondoke!

Nikachukua kichupa cha dawa, nikatia mchanga kidogo, nikakifunga. Ndivyo tulivyopima zamani. Kwenye maji mapya ya Kaole kilizama mpaka shingoni. Nikakihamishia kwenye tangi: mabega yote nje. Kwa hili huhitaji kuchungulia popote, unapapasa tu kwa kidole.

Nikamwita Mwinyijuma, nikamwambia anisomee ile karatasi ya ukutani. Akavaa miwani yake. “Kuongezea maji tumia madumu ya chini ya meza tu. Usiongezee maji ya bahari. Usiongezee maji ya bahari.” Umeliandika mara mbili na kulipigia mstari.

Akauliza, “Gaspari, karatasi hii ipo hapa tangu lini?”

“Januari.”

“Na hukuisoma?”

“Nilikuwa naitunza.”

“Na hayo madumu ndiyo yale ya chai?”

Nikamtolea dumu tupu. Akasema, “Basi na mimi nimo kwenye kesi,” akavua viatu, akakunja mikono ya kanzu.

Tumefanya hivi. Madumu yalikuwa yamekwisha, na Issa hakuonekana. Lakini mvua ilikuwepo. Bati langu lina kutu, kwa hiyo tuliweka beseni katikati ya uwanja, mbali na paa, likapokea mvua ya moja kwa moja. Kila asubuhi natoa lita moja ya tangi, naweka lita moja ya mvua. Moja tu. Mwinyijuma alitaka tuweke ndoo nzima yaishe, nikamwambia mtu aliyekaa kwenye chumvi miezi mitatu ukimtia kwenye maji matamu ghafla unamuua mara ya pili. Tutakwenda siku kumi na tano mpaka kichupa kirudi shingoni.

Sijui kama ni sawa. Hakuna wa kuniambia. Yamebaki manne, na mwisho wa Mei uko pale.

Na zile namba, Vicky. Usiziweke kwenye hesabu zako.

Gaspari


Mgeta
Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili 2025

Babu yangu mpendwa,

Kristo amefufuka, shikamoo, na Mungu ameniponya na presha.

Jana baada ya Misa Sista Eufrazia alinipa barua zako tatu pamoja. Nilizisoma kwa mpangilio wa tarehe, kama mjinga. Nilipofika kwenye chai nilipiga kelele mpaka mwenzangu akadhani nimeng'atwa na nyoka. Nilipofika kwenye koliflawa sikuweza kuendelea, nikaenda bustanini, nikapalilia tuta zima, nikarudi. Ndipo nikasoma ya tatu, nimesimama.

Ni sawa, Babu. Lita moja kwa siku ni sawa kabisa, mimi ningefanya hivyohivyo, na ile ya kuacha maji ya bati hata nisingeikumbuka. Kichupa kikifika shingoni simama hapo. Usiharakishe. Lenye vidole likitoa hata kidole kimoja, ujue limekubali. Maji ya kuongezea ni ya madumu au mvua, basi.

Kosa ni langu pia. Katika barua niliandika “ongezea” kisha nikakuelekeza ukutani. Ningeandika neno “madumu” mara moja tu yasingetokea haya. Na koliflawa ilikuwa na miaka minne, niliipata ikiwa kama punje ya hindi. Nimelia kidogo. Imetosha.

Sasa kuna jambo jingine. Nimezitandaza barua zako zote kitandani. Ile ya Januari mistari yako imenyooka. Ya Februari inapanda. Ya Aprili mistari miwili imepita juu ya mingine mitatu, nimeisoma kwa kuigeuza kwenye mwanga. Na miwani mtu huikalia siku moja, halafu hununua nyingine.

Sitaandika ninachofikiri. Nikiliandika litakuwa jambo ninalolijua, na nikilijua itanibidi nimwambie Baba, na nikimwambia Baba hatangoja Mei. Kwa hiyo sijaandika kitu. Lakini sikulala, Babu. Unavuka barabara peke yako?

Mjukuu wako anayekupenda,
Vicky


Mapinga
11 Mei 2025

Mke wangu,

Usishtuke kuona mwandiko mzuri. Mimi nasema, baba yako anaandika. Nimemwambia akipunguza neno nitajua, maana nitamwambia mkewe anisomee.

Kwanza salamu. Sote wazima. Mbwa wa hapa anaitwa Simba, lakini anaogopa kuku. Geti linafunguliwa kwa kitufe, nimelifungua mara kumi na mbili bila sababu. Sista Eufrazia, asante kwa kutunza kabati.

Sasa twende. Kichupa kilifika shingoni tarehe ishirini na mbili Aprili. Lenye vidole likatoa viwili, Mwinyijuma akanihesabia. Tulikunywa chai ya bomba kwa furaha. Barua yako ikafika, Mwinyijuma akaisoma mpaka mwisho, akaikunja, akasema, “Mtoto huyu ana akili,” akaenda zake. Nami sikuandika jibu.

Jumamosi tarehe tatu ikaja ile mvua yenye upepo. Nguzo tatu za umeme zikalala barabarani saa tisa mchana. Pampu ikanyamaza. Hujawahi kusikia nyumba iliyonyamaza hivyo. Nikachukua jagi. Chota, inua juu, mimina, maji yashuke na hewa. Chota, inua, mimina. Mwinyijuma akaja, tukapokezana. Tulikwenda mpaka usiku ukapita na asubuhi ikaja, na umeme hakuna. Mafundi walisema labda Jumanne. Katekista alikuwa amepanda juu kabisa, mdomo nje.

Jumapili adhuhuri Mwinyijuma akaenda kuswali. Nikabaki peke yangu. Mikono ilikuwa imekufa ganzi lakini nikachota, nikainua, nikamimina, na miguu yangu ikalowa. Jagi zima nilimimina sakafuni, Vicky. Nilidhani niko juu ya tangi. Nikachota jingine, nikashika ukingo kwa mkono wa kushoto kwanza, nikamimina. Hapo nikaona ninavyofanya. Tangu Februari nilikuwa nashika ukingo kwanza.

Nikafikiri, nikiwa nimekaa kwenye yale maji. Nikinyamaza, yanakufa, na mwisho wa Mei baba yako anakuta yamekufa. Nikimwita, nimekiri kwamba sikuweza. Njia zote mbili zinaishia kwenye geti lake. Ila njia moja matumbawe yanafika nayo. Yeye ana sola juu ya bati na mabetri ndani, nilikuwa namcheka alipovinunua.

Mwinyijuma aliporudi nikamwomba simu.

Nikampigia baba yako, nikasema, “Cosmas, njoo na gari.”

“Baba, unaumwa?”

“Siumwi. Matumbawe yanakosa hewa. Njoo utuchukue.”

“Nije niwachukue nani?”

“Mimi, Katekista na wenzake. Umesikia mara moja, usinirudishe kwenye neno hilo.”

Akanyamaza. Mwandishi hapa anasema hakunyamaza, mtandao ulikatika. Alinyamaza.

Alifika kabla Mwinyijuma hajamaliza kutafuta ndoo. Tangi tukaliacha na maji nusu, tukalifunga kwa magodoro. Matumbawe yalikaa kwenye ndoo mbili, moja miguuni pa Mwinyijuma, moja kati ya magoti yangu, mkono wangu ndani unakoroga njia nzima. Barabara ya Bagamoyo baba yako aliiendesha kwa mwendo wa maandamano ya Ekaristi. Malori yalitupigia honi mpaka yakachoka. Kila tuta alisema, “Baba, tuta,” na mimi nikasema, “Tuta,” na Mwinyijuma akasema “Bismillahi.” Sijawahi kukaa na mwanangu muda mrefu hivyo kwenye gari bila kugombana.

Yamepona matatu. Lile la kijani lilikufa Jumatatu. Katekista mzima, anahubiri.

Na lile ulilokataa kuliandika, naliandika mimi, wewe usilibebe tena. Sioni, Vicky. Naona mwanga, naona mtu amesimama, sura sioni. Ilianza mwaka jana. Kile kidude chako sikuwahi kukichungulia hata siku moja, nilikuwa nakishika tu ili Mwinyijuma asiseme. Baba yako amenipeleka Jumatano. Daktari amesema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, la kwanza atalisafisha tarehe ishirini, na kwamba ningekuja mwaka jana ningekuwa nimeshasahau. Naogopa. Mwandishi, liandike na hilo. Hakuna mtu aliyewahi kutia kisu kwenye jicho langu, na atakayefanya hivyo ana sauti ya mvulana wa kipaimara.

Kila asubuhi kabla hajaenda kazini baba yako anasimama mbele ya tangi na kunisomea. “Hili limefungua lote. Hili nusu. Hili la chini lina zambarau pembeni.” Zambarau! Karibu miezi minne nimelifutia kioo, nimeligombania, nimelimiminia maji usiku kucha, sikujua kuwa lina zambarau. Nilimwuliza zambarau ya namna gani, ya bilinganya au ya kanzu ya Padri. Akainama, akaangalia tena, akachelewa kazini. Akasema ya bilinganya.

Alhamisi aliniambia, “Baba, yapo hai. Nilisema nikikuta hai sikutajii kuhama, na mimi sibadilishi. Macho yakipona, nikurudishe lini?” Amengoja jibu siku tatu, hajauliza tena. Basi jibu namwandikisha yeye mwenyewe, kwa mkono wake, ili asije akasema hakusikia.

Cosmas, andika. Sirudi Nianjema. Ufunguo apewe Mwinyijuma awe anafungua madirisha. Kitanda nilichonunuliwa ni kifupi, kibadilishwe.

Kalamu imesimama. Nimemwuliza kama wino umekwisha. Sasa ameinama, anajifanya anatafuta kitu chini ya meza. Mtu wa miaka hamsini na nne. Namwachia atafute, akiinuka ataandika na haya.

Babu yako,
Gaspari